Kasri la Ostankino, lililojengwa kwa mbao

Mara ya kwanza nilirudishwa na mvua. Nilikuwa mwaka wa pili wa uhandisi wa ujenzi hapa Moscow. Nikapanda metro hadi kituo cha VDNKh, nikaunga na tramu, na kufika mlangoni nikaambiwa leo hakuna kuingia, hewa ina unyevu. Nilicheka kimoyomoyo. Jumba la mawe linaogopa manyunyu?

Kumbe si la mawe. Kasri la Ostankino ni msonobari mtupu uliopigwa lipu na kupakwa rangi ya waridi. Ukisimama mbele yake unaona nguzo sita ndefu zenye vichwa vya majani vya Kikorintho na pembetatu juu yake, mambo ya Ugiriki na Rumi ya kale kama walivyoyapenda makabaila wa karne ya 18. Sisi wana ujenzi tunajidai tuna jicho, lakini hapo jicho langu lilidanganywa mchana kweupe.

Nilirudi siku ya jua. Ndani tulivalishwa makubazi ya kitambaa juu ya viatu ili tusikwaruze sakafu iliyounganishwa kwa vipande vya mbao za rangi mbalimbali. Dhahabu unayoiona kila kona ni mti uliochongwa, ukapakwa dhahabu. Bibi mmoja wa makumbusho, wale wanaokaa kitini pembeni wakikutazama mikono, aliniona nakodolea macho nguzo za ukumbi. Akasema, "Kijana, hizo ni tupu ndani. Zinahamishika." Ni karatasi iliyogandishwa na gundi.

Zilihamishwa kwa sababu kasri lote ni ukumbi wa maonyesho uliozungushiwa vyumba. Mwenyewe, Grafu (cheo cha kikabaila) Nikolai Sheremetev, alikuwa mwendawazimu wa opera. Lilijengwa kati ya 1792 na 1798, lakini pazia lilifunguliwa mapema, 1795. Opera ikiisha, sakafu ya watazamaji iliinuliwa hadi usawa wa jukwaa, nguzo zikapangwa upya, na wageni wakacheza dansi palepale walipokuwa wameketi. Darini kulikuwa na mitambo ya ngurumo, upepo na mvua. Mbao nazo zilikuwa na faida yake: zinapokea sauti kama tumbo la gambusi.

Vitabu hupenda kutaja Waitaliano waliochora ramani za jengo: Quarenghi, Camporesi, Brenna. Mimi nilinakili majina mengine kwenye daftari: Pavel Argunov, Aleksei Mironov, Grigory Dikushin. Hawa wasanifu, pamoja na fundi wa mitambo Fyodor Pryakhin, walikuwa mali ya Sheremetev. Kirusi kinawaita krepostnoy, mkulima aliyefungwa kwenye ardhi ya bwana, anayeweza kuuzwa au kutolewa zawadi. Sheremetev alikuwa na watu wa namna hiyo takriban 200,000. Waimbaji nao walikuwa wake, na waigizaji wa kike aliwapa majina ya vito.

Aliyepewa jina la lulu, Zhemchugova, ndiye aliyemtia wazimu. Jina lake la kuzaliwa ni Praskovia Kovalyova, binti wa mhunzi, aliyechukuliwa nyumbani kwao akiwa mtoto mdogo ili afundishwe kuimba. Kwetu pwani neno la mwanamke wa namna hiyo lipo, suria, na halikuwa jambo la kufichwa sana: watoto wa Sayyid Said wa Unguja walizaliwa na masuria, nao wakatawala. Huku Urusi ilikuwa aibu kubwa. Bwana alimwandikia huru mwaka 1798, na mwaka 1801 akamwoa kimyakimya hapa Moscow, katika kanisa dogo la Mtakatifu Simeoni. Lipo mpaka leo, limebanwa na maghorofa ya Novy Arbat. Nilipita mbele yake miaka miwili bila kujua.

Kifua kikuu kilikuwa kimeshamnyang'anya sauti. Alifariki Februari 1803, wiki tatu baada ya kujifungua mtoto wa kiume, Dmitri. Mumewe aligeuza hospitali ya maskini aliyokuwa akiijenga mjini kuwa kumbukumbu yake, Quarenghi akaiongezea safu ya nguzo ya nusu duara. Hizo ni za mawe. Sheremetev mwenyewe alikufa 1809, na hospitali ikafunguliwa mwaka uliofuata.

Kasri lilitaifishwa 1918, na mwaka 2013 likafungwa kwa ukarabati. Nilikwenda mara moja baada ya hapo, nikakuta jukwaa la mafundi na harufu ya mbao mbichi, mnara wa televisheni wa mita 540 ukilitazama kutoka juu. Nilisimama kidogo nikimfikiria yule Dmitri. Mamake alizaliwa mali ya watu. Yeye alirithi kasri, ukumbi, na maelfu kwa maelfu ya watu, akabaki nao hadi mfalme alipowaachia huru 1861.