Nyumba za Helene hazijaisha, na mafundi tunao kanisani

Wiki ya kwanza baada ya Kimbunga Helene hakuna aliyehitaji kubembelezwa. Makanisa ya Charlotte yalijaza malori maji ya chupa, nepi, blanketi na mafuta ya jenereta, na sisi wa ibada ya Kiswahili tulikuwamo: akina mama wakipika, vijana wakipakia. Kimbunga kilitua Florida usiku wa tarehe 26 Septemba 2024, kesho yake kikaipiga milima ya magharibi ya North Carolina, ardhi ikiwa tayari imeshiba mvua ya siku zilizotangulia. Kijiji cha Busick, kaunti ya Yancey, kilipimwa zaidi ya inchi 30 za mvua. Mto French Broad pale Asheville ulivuka rekodi iliyokuwepo tangu Julai 1916. Watu zaidi ya 100 walikufa katika jimbo letu peke yake, na bomba za Asheville hazikutoa maji salama ya kunywa mpaka tarehe 18 Novemba. Wenzetu waliotoka Manyara walikuwa wanalia mbele ya televisheni, maana Katesh ya Desemba 2023 ilikuwa bado mbichi vichwani mwao, tope lilivyoporomoka kutoka Mlima Hanang.

Sasa malori hayaendi tena, na ndiyo maana naandika.

Watu wa kazi ya kujenga upya baada ya maafa wana hesabu wanayopenda kuirudia: kama uokoaji ulichukua wiki, misaada ya dharura itachukua mara kumi ya hapo, na kujenga upya mara kumi tena. Hiyo ni miaka. Sisi tumelelewa kuja msibani kwa wingi, na tanga likianuliwa kila mtu anashika njia yake. Huko milimani tanga lilishaanuliwa, lakini ukuta bado haupo.

Usidhani wenyewe ni wazembe. Bima ya kawaida ya nyumba hapa Marekani hailipi mafuriko. Ya mafuriko unainunua peke yake, na katika kaunti ya Buncombe, ambamo Asheville na Swannanoa zimo, hawakufika hata asilimia moja ya kaya waliokuwa nayo. Wengi waliishi mbali na bahari, juu mlimani, wakaona haiwahusu. FEMA, shirika la serikali ya shirikisho linaloshughulikia maafa, kwa janga hili iliweza kutoa hadi dola 42,500 za nyumba kwa kaya, lakini hicho ni kiwango cha juu kabisa, wengi hupata chini sana ya hapo. Ukishalipa fundi wa umeme na wa mabomba, fedha imekwisha na sakafu bado ni udongo.

Pengo hilo huzibwa na vikundi vya urejeshaji wa muda mrefu, vinavyoundwa kaunti kwa kaunti. Kila familia inapewa mtu wa kufuatilia faili lake. Huyo anahakikisha kwanza kwamba bima imelipa inachodaiwa, FEMA vilevile, na mkopo wa serikali umeulizwa. Kinachobaki ndicho kinachopelekwa mezani, na pale mezani Wamethodisti wanasema tutatoa mbao, Walutheri wanasema tutalipia umeme, Wamenonaiti wanasema tuna timu ya wiki mbili. Nimeona faili lenye mbao zimelipiwa, kibali kimetoka, msimamizi yupo, na nyumba imelala tu kwa sababu hakuna mikono.

Kazi yangu kanisani ni kuitafuta hiyo mikono. Tangazo baada ya ibada haliniletei mtu. Watu wanaitikia amina kwa moyo safi kabisa, halafu Jumatatu inawameza. Mtu anakuja akipigiwa simu kwa jina lake, akaambiwa siku, kazi yenyewe, gari atakalopanda, nani atabaki na watoto, na saa ngapi atakuwa amerudi ili awahi zamu. Ukimwambia “tunahitaji msaada”, atakuombea. Ukimwambia “Jumanne ijayo nakuhitaji wewe na dada yako tupake rangi vyumba viwili, gari linatoka saa kumi na moja alfajiri”, anaangalia ratiba yake.

Na hapo kwenye ratiba ndipo watu wetu wana kitu ambacho makanisa mengi hayana. Kila kanisa linataka kuja Jumamosi. Wasimamizi wa ujenzi wanakufa na Jumamosi: watu arobaini, drili nne, na Jumatano hakuna mtu. Sisi tunaolea wazee kwenye nyumba za matunzo, tunaofanya maghala usiku, wikendi ndiyo tunauza saa zetu, na siku zetu za kupumzika ni katikati ya wiki. Najua pumziko hilo ni la thamani. Mama aliyegeuza wagonjwa usiku kucha simwombi aende kesho yake, namwomba siku moja kwa mwezi, ile aliyokwisha kulala. Safari hadi Swannanoa ni kama saa mbili. Mafuta ya gari umoja wa wanawake unayachangia, na chakula hatujawahi kukosa.

Lakini ninaowatafuta zaidi ni mafundi. Kwenye viti vyetu vya nyuma wamekaa wanaume waliojenga nyumba Bukavu, Uvira, Kigoma, waliojenga hata makanisa ya kambini Nyarugusu, na hapa wanakata kuku kiwandani kwa sababu Kiingereza hakijakaa sawa na leseni hawana. Kwenye kazi hii ya kujitolea wanafanya chini ya msimamizi mwenye leseni, na ujuzi wao unaonekana siku ileile.

Kuna nyumba moja kule ambayo familia iliziba kuta mapema, mara tu baada ya maji kupungua, kwa sababu baridi ilikuwa inakuja na walikuwa na mtoto mchanga. Mbao za ndani zilikuwa bado mbichi. Baadaye kukatoka harufu, ukungu ukapanda nyuma ya jipsamu, ikabidi kuta zote zifunguliwe upya. Tulipofika, mbao zilikuwa zimeshasuguliwa na kupigwa dawa, mafeni yanavuma. Msimamizi akamkabidhi mzee wetu mmoja wa Uvira kipima unyevu, kidude cha kushika mkononi chenye sindano mbili. Mzee akakichomeka kwenye ubao wa kwanza, akasoma, akachomeka chini karibu na sakafu, akasoma tena, akazunguka chumba kizima hivyo, nguzo kwa nguzo. Pale unyevu ulipozidi asilimia 15 alichora msalaba kwa penseli. Baba mwenye nyumba alikuwa anamfuata nyuma bila kusema neno, akiangalia namba. Walipofika pembe ya mwisho misalaba ilikuwa mitatu, yote upande wa jikoni. Mzee akaniambia, “Dada, mwambie kaka huyu jikoni tungoje, vyumba vya kulala leo tunafunga.” Nikatafsiri. Yule baba akaenda kuleta bao za jipsamu mwenyewe. Jioni mzee alishika pimamaji kama mtu aliyeazimisha kitu chake akarudishiwa.

Wapo wanaoogopa, na hofu yao naiheshimu. Wengine wanaogopa barabara za milimani, wengine wanaogopa watakavyopokelewa vijijini wakiwa weusi wenye lafudhi. Hilo nalijibu kwa ninachokijua: tunakwenda kwenye nyumba ambayo mwenyewe ameomba, tunafikia kwenye ukumbi wa kanisa linalotutarajia, na hakuna anayetumwa peke yake. Ambaye karatasi zake za uhamiaji ziko mashakani simsukumi aende popote. Anaweza kupika, anaweza kubaki na watoto wa wanaokwenda, na bila huyo wa kubaki na watoto wengine wote hawatoki.

Jambo moja dogo ambalo watu hulidharau: daftari la saa. Kwa utaratibu wa FEMA, saa za kujitolea zilizoandikwa vizuri zinaweza kuhesabiwa kama mchango wa eneo katika ile sehemu ya gharama ambayo serikali ya shirikisho hailipi. Kaunti hizi ni maskini. Nikikukimbiza na kalamu asubuhi na jioni, saini tafadhali.

Kwa wenzangu mnaoratibu sharika za Kiswahili Greensboro, Raleigh, hata Columbia kule chini: msingoje mwaliko rasmi. Ulizeni kikundi cha urejeshaji cha kaunti mnayotaka kusaidia kinahitaji watu wa nini na siku gani, kabla hamjachapa fulana. Tafuteni kwanza dereva na mlezi wa watoto, ndipo mtafute wapiga nyundo. Kila anayekwenda awe na chanjo ya pepopunda na buti ngumu, na aliye chini ya umri unaokubaliwa asiahidiwe safari, kikundi kiulizwe kwanza. Halafu kaeni na orodha ya washarika, mtie alama kwenye kila jina la mtu aliyewahi kuwa fundi kwao, na muanze kupiga simu.