Tulivyoanzisha kanisa Kiteto bila kuomba ardhi

Mimi ni Mgogo wa Mpwapwa, na huko Kiteto, mkoani Manyara, hilo peke yake lilitosha nishukiwe kuwa mkulima anayetafuta shamba. Wafugaji na wakulima wamegombana pale miaka mingi. Mwaka 2014 watu waliuana kwa ajili ya mashamba. Kwa hiyo nilipotumwa mimi, mke wangu na watoto kwenda kuanzisha kanisa la Anglikana katika kijiji cha Wamasai, nilijua wataniuliza habari za ardhi kabla ya habari za Mungu.

Ndivyo ilivyokuwa. Mtendaji wa kijiji aliisoma barua yangu ya utambulisho, akanipeleka kwa wazee. Laigwanani, kiongozi wa mila wa Wamasai, akauliza mbele ya wote, "Unataka ekari ngapi?" Nikamjibu, "Sitaki hata moja, mzee. Naomba kivuli." Wakacheka. Walishawaona wanaoanza na kiwanja cha kanisa wakaishia kwenye shamba la mahindi. Tukapanga chumba kwa mwalimu, na ibada tukafanyia chini ya mgunga.

Sasa, kwetu Mpwapwa wamisionari wa CMS, chama cha misioni cha Kianglikana kutoka Uingereza, walifika 1876, na mimi nimekua na kengele ya Jumapili asubuhi. Kiangazi cha Kiteto hakina habari na kengele. Saa hizo wanaume wako kisimani wananywesha, wanawake wako njiani na punda wa maji. Tukahamishia ibada alasiri, karibu na kisima, ng'ombe wakishakunywa. Kijana wa darasa la sita ndiye aliyetusomea Biblia Sinyati, ile ya Kimasai iliyotoka 1991, maana Kimasai changu kilikuwa cha salamu tu. Mke wangu alinipita mbali, kwa sababu yeye alikuwa anachota maji na akina mama kila siku. Tenzi tulizokuja nazo hazikufika mbali. Akina mama walitunga zao, mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia huku mabega yanarusha shanga za shingoni.

Ardhi ilikuja baadaye, wazee wenyewe wakiipeleka kwenye halmashauri ya kijiji na kisha mkutano mkuu. Laigwanani alisimamia muhtasari uandikwe: kanisa tu, hakuna kulima. Nikasaini bila kinyongo. Mke wangu mchicha ananunua.

Kazi ngumu ilikuwa ya mzee mmoja mwenye wake watatu aliyeomba ubatizo. Zamani angeambiwa awaache wawili, na mimi hilo sijawahi kulielewa: wangekula nini, na watoto wao je? Mkutano wa Lambeth wa 1988, yaani wa maaskofu wa Anglikana wa dunia nzima, uliruhusu mtu kama huyo abatizwe pamoja na wake zake walioamini, asilazimishwe kumfukuza yeyote, ila aahidi kutooa tena maadamu wake alionao wako hai, na waumini wa mahali pale waridhie. Askofu alikubali. Kuridhia kwa waumini nilikuona hakuna maana kama wake wenyewe hawajaulizwa, kwa hiyo mimi na mke wangu tukaenda nyumba kwa nyumba, kila mmoja kwake.

Mke mkubwa alisema yeye yuko tayari tangu zamani. Mke mdogo akauliza, "Mchungaji, akioa wa nne nani atamkamata?"

"Ninyi, mama. Ndiyo maana ataahidi mbele ya watu."

Mzee aliahidi chini ya mgunga, wazee wa rika lake wamekaa na fimbo zao. Wengine walitikisa kichwa; kwa mwenye ng'ombe wengi, ahadi ile si ndogo. Akabatizwa na wake wawili. Yule wa kati alisema bado anafikiri, na mpaka leo anafikiri, ingawa ibadani hakosi na nusu ya nyimbo tunazoimba ametunga yeye. Sijamharakisha. Mzee ndiye anayenisumbua kila tukikutana, anataka nikamseme.

"Mseme wewe, mzee," namwambia, "ni mke wako."