Mama Aliyerudi Ukurasa wa 112

Mwaka ule tulikuwa tumetoka kwenye enzi ya kadi za nyota. Ukimaliza kitabu unaandika muhtasari wa mistari 10, unabandikiwa nyota. Zikifika 20 unapewa zawadi. Tulikuwa na miaka 15 na hesabu tuliijua. Tulikimbilia vitabu vyembamba, tukaazimana mihtasari kama watu wanaoazimana kalamu. Mimi nilikusanya nyota 14 kwa kusoma vitabu 3, na wapo walionizidi.

Mwalimu mpya wa fasihi alizibandua kadi zote siku ya kwanza. Akatuwekea dakika 20 za kusoma kimya kila siku baada ya mapumziko. Hakuna muhtasari wala maswali. Naye aliketi mbele akafungua kitabu chake akasoma. Hakugusa madaftari ya kusahihisha, na hilo ndilo lililotushangaza. Kuna siku alicheka peke yake, darasa zima likainua vichwa. Kitabu kile kiligombaniwa wiki nzima.

Kando ya ubao alibandika haki 10 za msomaji, alizoziorodhesha mwandishi na mwalimu wa Ufaransa, Daniel Pennac, mwaka 1992. Ya kwanza ni haki ya kutosoma, ya pili kuruka kurasa, ya tatu kutomaliza kitabu. Tuliitazama karatasi ile kama tangazo la likizo.

Muhula wa pili akatuletea la Ufaransa tena. Akasimulia kwamba huko, tangu 1988, wanafunzi wa sekondari wapatao 2,000 kila mwaka husoma riwaya zinazowania Goncourt, tuzo kubwa ya fasihi ya nchi hiyo, wakabishana kwa takriban miezi miwili, kisha wawakilishi wao wakampa mwandishi tuzo yao wenyewe, hata kama watu wazima wamemchagua mwingine. Sisi tungefanya ya kwetu: riwaya 5, nakala 4 kwa kila moja, wiki 6, halafu mjadala na kura. Yeye hangepiga.

Mimi nilijitolea kutetea riwaya yenye jalada la buluu. Nilikuwa msemaji mzuri, kila mtu alijua, na msemaji mzuri huwa haoni kwa nini ahangaike. Nilisoma sura ya kwanza, nikasoma ya mwisho, nikasoma maneno ya nyuma ya jalada: kijana anajaribu kuishi "baada ya kumpoteza mama yake". Sura ya mwisho kijana amepiga magoti kaburini. Nilihitaji nini zaidi?

Siku ya mjadala nilisimama nikazungumza juu ya kifo. Nilieleza jinsi mwandishi alivyoichora huzuni ya yatima, jinsi kaburi lile linavyofunga duara la hadithi. Nilishusha sauti pale pa kushusha. Wawili watatu walitikisa kichwa, na nakiri kwamba hata mimi nilianza kuguswa.

Binti mmoja aliyekaa karibu na dirisha, ambaye sidhani kama tulikuwa tumemsikia mara tatu tangu mwaka uanze, akainua mkono.

"Mama yake hakufa," alisema. "Aliondoka. Anarudi ukurasa wa 112. Anavua viatu mlangoni, anavipanga, kama mgeni. Kaburi ni la bibi."

Sauti yake haikuwa na ushindi wowote. Alisema kama anayekuonyesha kwamba kifungo cha shati kimefunguka. Ningependelea angenicheka. Kicheko kilitoka kwa wengine, na hakikuwa kidogo. Nikatafuta pa kutokea, nikaona karatasi ya ukutani.

"Mwalimu, nilitumia haki ya pili. Nimeruka kurasa."

"Umeruka 200," akasema mwalimu. Naye alikuwa anacheka. "Haki unayo, sikunyang'anyi. Lakini kura ni Ijumaa, na anayepiga kura ni aliyesoma."

Basi. Hakuniita ofisini wala hakutaka barua ya kuomba radhi. Mpaka leo nadhani angeniadhibu ningeshukuru, maana adhabu ingelifunga jambo lile na mimi ningeenda zangu.

Usiku ule nilianza na ukurasa wa 112, kwa hasira, nikitafuta kosa la yule binti. Viatu vilikuwepo. Visigino vimeelekezwa ukutani, ncha zikitazama nje, na kijana amesimama kwenye ujia akivitazama badala ya kumtazama mama yake. Sikuelewa kwa nini havitazami ndani. Ikabidi nirudi sura ya pili, alipokuwa akiondoka, kisha ya tatu, na kufikia Alhamisi nilikuwa nimeimaliza yote, ikiwemo sura moja ndefu ya mvua ambayo hadi sasa naona ingefutwa.

Ijumaa niliipigia kura riwaya nyingine. Ile ya buluu ilishinda hata hivyo, kwa tofauti ya kura 3.

Watu walipokuwa wanatoka, yule binti akaja mezani kwangu na nakala yake.

"Umesoma?"

"Yote."

"Na hukuichagua."

"Mama amesamehewa upesi mno," nikasema. "Kurasa 6 tu."

Akavuta kiti. "Hajasamehewa," alisema, akaanza kufunua kurasa. "Angalia hapa viatu vinapokaa siku ya pili."

Mlinzi alikuja kufunga darasa, akasimama mlangoni na funguo zake, akaondoka, akarudi tena.