Msokoto mmoja
Mdogo wangu alifungwa kwa msokoto mmoja wa bangi. Alipotoka hakuwa yule niliyemjua: alikula huku ameizungushia sahani mkono, kama vile kuna mtu atamnyang'anya. Ndiyo maana huu mjadala wa kuhalalisha dawa za kulevya siwezi kuusikiliza kwa utulivu. Ureno, tangu 2001, anayekutwa na kiasi kidogo cha matumizi yake mwenyewe hafungwi. Anapelekwa mbele ya kamati inayomsikiliza na, akiwa mraibu, kumwelekeza kwenye matibabu. Muuzaji bado anashtakiwa. Hilo naliunga mkono kwa moyo wote. Kuuza dukani, kama Kanada ilivyoruhusu bangi mwaka 2018, hapo bado nasita, na heroini ndiyo kabisa sitaki. Lakini jela haikumsaidia mdogo wangu. Hata kuvuta hakuacha.