Kumleta mume Marekani kwa mshahara mdogo

Ukisema tu kwamba unataka kumfanyia mumeo karatasi, watu watakutisha kwa pesa. "Wewe na mshahara huo? Ubalozi utakukatalia." Nimeyasikia haya harusini, kwenye vikao vya michango, hata kazini. Nawajua watu wamekaa miaka bila kuanza kwa sababu ya maneno hayo. Mimi nafanya kazi katika nyumba ya wazee hapa Dallas, ya kuwaogesha, kuwavisha na kuwalisha, na mume wangu ametoka Mombasa akanifuata huku kwa mshahara huohuo. Kwa hiyo nasema nikiwa na hakika: mshahara mdogo haufungi mlango. Ila huenda ukakulazimisha umwombe mtu mwingine asimame nawe, na hapo ndipo wengi wetu tunapopita haraka mno.

Tuanze na hesabu. Raia wa Marekani huanza na ombi la I-130, ambalo halikuulizi mshahara. Linataka kujua kama ndoa ni ya kweli. Pesa huulizwa baadaye, ombi likishakubaliwa na faili kupelekwa kwenye kituo cha viza, kabla mwenzako hajaitwa kwa mahojiano ubalozini Gigiri, Nairobi. Hapo ndipo unapojaza I-864, hati ya udhamini. Kati ya hatua hizo mbili hupita miezi, nayo ni miezi ya kuongeza shifti na kuweka risiti zako za mshahara vizuri. Usikae ukingoja kipato kikue ndipo uanze.

Kinachotakiwa ni mapato yafike asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha serikali. Kwa viwango vya 2025, watu wawili ilikuwa dola 26,437 kwa mwaka, watatu 33,312, wanne 40,187. Alaska na Hawaii wana viwango vyao vya juu zaidi. Wanaohesabiwa ni wewe, watoto wako, huyo unayemleta, na mtu yeyote uliyewahi kumdhamini ambaye udhamini wake bado haujaisha. Mama yako aliyeko Kilifi unayemtumia pesa kila mwezi hahesabiwi, wala hizo pesa hazipunguzwi kwenye mapato yako. Natamani kila mtu angelijua hili, kwa maana wengi hujiona maskini kwenye fomu kwa sababu ya wajibu wa nyumbani ambao fomu haiuulizi.

Mimi na watoto wawili, na baba akija, tulikuwa wanne. Nilipungukiwa kama dola elfu tisa. Mapato ya karakana yake ya kuchomelea vyuma kule Changamwe hayakunisaidia, kwa kuwa yangekoma siku anapoondoka. Kuna njia ya mali: akiba au nyumba unayoweza kuigeuza pesa taslimu ndani ya mwaka mmoja huziba pengo, lakini kwa mwenzi wa raia lazima ifike mara tatu ya kinachopungua. Mara tatu ya elfu tisa sikuwa nayo. Ningekuwa naishi na ndugu nyumba moja, mapato yake yangeweza kujumlishwa na yangu kwa fomu ya I-864A. Ndugu zangu wote wako Kenya.

Niwaambie na wenzangu wanaoendesha Uber, maana nimeona jirani yangu akilia kwa jambo hili. Anaingiza pesa nzuri kuliko mimi. Lakini wakati wa kodi anakata maili zote za kazi kwenye mapato yake, na kwa mwaka wa 2025 kila maili ilikuwa senti 70. Aliyeendesha maili 40,000 anakata dola 28,000. Ni haki yake kisheria, na kodi inashuka kweli. Shida ni kwamba anayepitia faili ya udhamini anaangalia kilichobaki baada ya makato hayo, hata kama benki inaonyesha pesa nyingi zaidi zikiingia. Kama una mpango wa kumleta mwenzako, kaa na mtu wa kodi mapema, mwaka mmoja au miwili kabla, muangalie mapato yenu yatasomekaje. Kuajiriwa hata nusu siku kunaweza kukufaa kuliko maili.

Sasa mdhamini mwenza, yule wa kusimama nawe mapato yako yasipofika. Si lazima awe ndugu. Awe raia au mwenye grini kadi (kibali cha ukaazi wa kudumu), awe ametimiza miaka 18, awe anaishi Marekani, na mapato yake yatoshe kwa jamaa wa nyumbani kwake pamoja na huyo mgeni. Yako hayajumlishwi na yake. Hata akipatikana, wewe mwombaji bado unajaza I-864 yako, na kuna faili zinazokwama kwa sababu mtu alidhani ya mwenzake inatosha.

Nilimwendea Mzee mmoja wa kwetu, dereva wa malori, ambaye mimi na watoto tunamhesabu kama mzazi. Sikumtumia ujumbe wa simu. Nilikwenda kwake Jumapili jioni na fomu nimeichapisha, nikaiweka mezani.

"Baba, kabla hujanijibu, naomba nikusomee unachotakiwa kutia sahihi."

Nikamweleza kwamba huu ni mkataba na serikali ya Marekani. Mume wangu akichukua msaada wa serikali wa wenye kipato kidogo, kama Medicaid au stempu za chakula, idara iliyoutoa inaweza kumdai yeye Mzee. Na mume wangu mwenyewe anaweza kumpeleka mahakamani amtunze mpaka afikie hiyo asilimia 125.

Mkewe akakiweka kikombe chini. "Na mkiachana?"

"Tukiachana, Mama, udhamini unabaki palepale. Talaka haiuvunji."

Mzee akauliza unakwisha lini. Nikamtajia: mume wangu akiwa raia, au akitimiza robo 40 za kazi kwenye hesabu ya Social Security (hifadhi ya jamii ya Marekani), yaani kama miaka kumi, au akiondoka nchini kabisa na kuuacha ukaazi wake, au kifo. Akafikiri. Kisha akasema, "Mpigie. Nataka kumsikia mwenyewe."

Mombasa ilikuwa usiku wa manane. Mume wangu akapokea kwa sauti ya usingizi, akasema shikamoo. Mzee hakuzunguka.

"Marahaba. Mwanangu, nimeombwa nikudhamini. Ukifika huku utafanya nini?"

"Kazi yoyote itakayotangulia, Mzee, huku nikitafuta cheti cha uchomeleaji cha huko."

"Ukikwama utamwambia nani kwanza?"

"Nitakwambia wewe, Mzee, kabla sijaenda ofisi yoyote."

Mama akamwongezea sharti lake: akifika tu wakati wa kuomba uraia, aombe, asiseme mwaka kesho. Akaahidi. Sheria haina habari na ahadi hizo, lakini kwa sisi tulioketi pale zilikuwa nzito kuliko sahihi. Mzee akatoa ritani zake za kodi na nakala ya pasipoti yake, na nilipakia kila kitu kutoka kwenye kompyuta yake mwenyewe, ili namba yake ya Social Security isizurure kwenye simu za watu.

Nasikia kuna wanaomlipa mtu wasiyemjua atie sahihi, bila kumsomea hata mstari mmoja. Jambo hili linanikera sana. Unamfunga mtu kwa mkataba unaoweza kudumu muongo mzima, halafu ikiingia grini kadi mfukoni hata salamu humpi. Wazee wa namna ya Mzee wakiumizwa mara moja, hakuna atakayemsimamia kijana anayekuja nyuma.

Mume wangu alifika wakati ndoa yetu haijatimiza miaka miwili, kwa hiyo grini kadi yake ni ya masharti, ya miaka miwili. Katika siku 90 za mwisho kabla haijaisha tutajaza pamoja I-751, fomu ya kuomba masharti hayo yaondolewe, na hivi sasa tunakusanya mkataba wa nyumba, bima na akaunti ya benki yenye majina yetu wawili. Akitimiza miaka mitatu ya ukaazi, tukiwa bado tunaishi pamoja na mimi ni raia, ataruhusiwa kuomba uraia, na fomu hupokelewa hata siku 90 kabla. Siku atakapoapa, Mzee atakuwa huru. Tarehe ya kuruhusiwa kuomba tumeiandika kwenye kalenda ya jikoni, na tumempa Mama nakala yake.

Hivi karibuni Mzee amehamia Fort Worth. Mdhamini akihama anatakiwa aijulishe idara ya uhamiaji kwa fomu ya I-865 ndani ya siku 30, na mdhamini mwenza vilevile. Mume wangu ndiye aliyekumbuka. Alikwenda kumsaidia kubeba makochi, na fomu alikuwa nayo.