Mdeki ulionasa

Natengeneza mfano mdogo wa bunduki ya kale. Kasibu, yaani mtutu wake, niliimaliza mwezi wa pili, na wala haikunitoa jasho. Hapa Nuremberg, Ujerumani, mimi ni fundi wa meno bandia. Kuchonga nta, kuifunika plasta na kumimina madini ndiyo kazi inayonilisha. Niliouiga ni mzinga wa mkono wa Tannenberg, wa shaba nyeusi, uliopatikana mwaka 1849 kwenye magofu ya ngome iliyobomolewa 1399 huko jimbo la Hesse. Upo makumbusho papa hapa mjini, nimeshauzunguka mpaka walinzi wananijua. Una urefu wa sentimita 32 na uzito wa kilo 1.24.

Wangu nimeufanya robo ya ule, sentimita 8. Mtu hudhani na uzito nao utakuwa robo. Thubutu! Urefu, upana na kimo vyote vimepungua, kwa hiyo uzito unagawanywa kwa 64. Mizani ya kazini ilisoma gramu 19 na ushei, sawa na pete nene.

Haupigi. Tundu la moto nimelibonyeza tu kwa ncha ya keekee, halikufika ndani. Baruti nchi hii inataka kibali, na mimi sina hamu ya mlio.

Kilichonitoa jasho ni vikorokoro vyake. Kasibu tupu ukiiweka mezani haina maana. Mume wangu aliuliza kama ni spea ya bomba la jikoni. Nikaanza na mpini, ule unaochomekwa nyuma. Mti wa mwaloni nikautupa siku ileile: mzinga unaweza kuupunguza, nyuzi za mti hazipungui, basi mpini ukaonekana kama ukuni. Mti wa mpeasi una nyuzi laini, ukakubali. Kisha kikulabu cha kuwashia, maana zamani zile waliweza kuwasha kwa chuma cha moto. Hicho nilikikunja kwa waya wa kushikia meno, dakika tano tu. Utambi nao ni uzi wa pamba niliousokota mara tatu nikaulaza kwenye chai ya rangi. Wa kweli ulichemshwa kwenye maji ya shura, ile chumvi ya baruti.

Sasa kile kijiti cha kushindilia. Jina lake lilinipotea kabisa, nikampigia mama Handeni.

“Shikamoo mama. Kile kijiti cha gobori, cha kusukumia baruti, kinaitwaje?”

“Marahaba. Mdeki. Kwani huko Ulaya unawinda nini?”

Tundu la kasibu yangu halifiki milimita 5, kwa hiyo mdeki niliupiga msasa mpaka ukaingia kwa kujisugua kidogo, raha tupu. Kwa tamaa ya rangi nikauchovya kwenye ileile bakuli ya chai, halafu, sijui haraka ya nini, nikaujaribu ungali mbichi. Ukaingia. Kutoka ukagoma. Mti ulikuwa umevimba! Nikavuta kwa koleo, kichwa kikabaki ndani.

Niliulaza mzinga juu ya hita usiku kucha. Asubuhi nikaugeuza, nikaugonga mara moja kwenye kiganja, kikadondoka chenyewe, kimekauka, kidogo kama punje ya mtama.

Nikamtumia mama picha. Akajibu kwa sauti, anacheka: “Wa babu yako ulikuwa wa chuma.”

Waya ninao. Jumamosi naanza upya.