Nauli ya mpwa

Juzi mdogo wangu, ambaye sasa ndiye anayeshika kibanda changu cha uwakala wa pesa za simu, alinipigia kuuliza: kuna mzee anataka awekewe laki na nusu kwenye namba isiyo yake, eti anakwepa makato, amkubalie? Nilimkatalia kwa ukali mpaka akacheka. Hakuwepo mwaka ule.

Ilikuwa Julai 2021, tozo za miamala zimeanza tu, na pale Sinza, Dar es Salaam, kila mteja kageuka mchumi. Badala ya kutuma kwa simu yake akatwe, mtu anakuja na keshi: "Dada, weka moja kwa moja kwenye namba hii." Mitandao inakataza, mawakala tunafanya, kodi ya fremu haina huruma. Kwa hiyo yule mzee wa mtaa wa nyuma aliponiomba nimwekee 30,000, nauli ya mpwa wake wa kike anayetoka Morogoro, sikushangaa. Jioni akarudi na 50,000. Sikushangaa sana.

Kesho yake akaja na 70,000 na namba nyingine. Nyuma yake alisimama mama mmoja na kapu la sokoni. Nikaingiza namba, nikaingiza kiasi, jina likatokea: la kiume, yote matatu. Nikalisoma kwa sauti, kama ilivyo desturi, mteja athibitishe. Mzee kimya.

"Baba, mpwa si wa kike?"

"Hiyo ni ya... ya dereva."

Simu yake ilikuwa juu ya meza ili nihakiki namba. Ikawaka. *Mpenzi chumba tayari, bado hela ya usalama tu, nikifika unarudishiwa.* Nikasoma. Akaniona nikisoma. Jasho lilimtoka puani, mzee wa watu, na vidole vyake vikawa vinazikunja na kuzikunjua zile noti za elfu kumi kumi. Bado sijaweka namba ya siri.

"Baba," nikanong'ona, "hii hairudi."

"Weka, mwanangu."

"Jamani, tutalala hapa?" akasema yule mama.

Nikaweka.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Akapigiwa na "afande", anamtajia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 utadhani anaisoma kitabuni: alipe faini 500,000, la sivyo meseji zake zinakwenda kazini na kwa mkewe. Alipoleta hizo laki tano nilimwambia floti, salio la wakala, imeisha. Uongo. Akakaa kwenye benchi. Nikamtajia 15040 ya kuripoti matapeli, nikamtajia polisi.

"Nikaandikishe nini, binti? Kwamba nimemlipia mwanamke hakuja?"

Sikuwa na jibu. Biashara ya ngono yenyewe ni kosa, na makubaliano ya jambo haramu huwezi kuyadai mahakama yoyote. Halafu kwenye simu yake hakukuwa na muamala hata mmoja. Tozo ilikuwa kisingizio tu. Alipitia kwangu ili mkewe asione kitu, na sasa hata mpelelezi asingeona kitu, ila daftari langu. Wakifuatilia, wa kwanza kuitwa ni mimi. Na mwenye yale majina matatu huenda ni mkulima tu, aliyebonyezeshwa kidole mara mbili siku ya kusajili laini yake, asiyejua kwamba akipiga *106# ataona laini ya pili iliyosajiliwa kwa jina lake.

Mzee akaondoka na bahasha yake. Kibanda kingine kilikuwa hatua chache tu mbele, na sikuchungulia.

Wiki iliyofuata mkewe akaja kutoa hela ya kikoba. Tukasalimiana, akanipa namba yake, kisha akaegemea dirishani.

"Hivi mwanangu, mwenye kapu ananiambia tuna mgeni wa Morogoro. Wewe umemwona?"

Nikamwambia mtandao unasumbua, asubiri kidogo.